Posa ya Mwajabu na Bwana Take

Usiku wa kuamkia siku ya posa, Mwalimu Hizza Semboja aliota neno la Kiingereza limekuja kumsalimia nyumbani kwake Muheza, limevaa koti na kubeba mabegi mengi kuliko mtu anayehama.

Msimcheke bado. Mwalimu alikuwa na sababu ya kuota ovyo. Mwajabu, binti wa marehemu kaka yake, anayeishi na mama yake hapo hapo kwa Mwalimu, alikuwa anaposwa na kijana aitwaye Yasini, mtu wa Blantyre, kule Malawi, na wazee wa Yasini Kiswahili hawakijui. Kwa hiyo Mwalimu, aliyefundisha Kiingereza mpaka akastaafu, alitwishwa kazi mbili: awe walii wa binti na awe mkalimani wa wageni. Akitamka tu kwamba tumekubali, Mwajabu ndiyo keshakwenda Blantyre.

Kuhusu ridhaa ya binti mwenyewe, hilo walishalimaliza wakubwa. Shangazi yake, Bi Mwantumu, alimuuliza mbele ya watu. Mwajabu akainama, akatazama mkeka, na kabla hajameza mate shangazi akapiga kigelegele. Kwao mwari akinyamaza ndiyo karidhia. Mwalimu naye akasema alhamdulillahi, akaenda zake kutafuta kamusi. Kilichokuwa kinamkosesha raha ni Kiingereza tu. Ndivyo alivyojiambia.

Basi ndotoni hodi inapigwa.

"Karibu," anasema Mwalimu. "Nani mwenzangu?"

"Mimi Take," linasema lile neno, linavua kofia. "Shikamoo, Mwalimu. Tumefanya kazi pamoja miaka yote ile, leo hunijui?"

"Marahaba. Nakujua sana. Wewe maana yako ni kuchukua."

Bwana Take anaketi bila kuambiwa, anajipangusa uso. "Na hiyo ndiyo kesi iliyonileta. Mimi napiga picha, nanywa dawa, nakoga, nafanya mtihani, napanda teksi, nakubali. Wewe ukawaambia watoto wa watu kwamba kazi yangu ni kuchukua, basi. Hebu chungulia nje."

Mwalimu anachungulia. Barabarani wanapita wanafunzi wake wa zamani, watu wazima na mvi zao, kila mmoja na mzigo kichwani. Mmoja kabeba mtihani. Mwingine kabeba bafu zima na maji yanammwagikia shingoni. Wanampungia mkono kwa heshima.

"Hawajui pa kuvitua," anasema Bwana Take. "Uliwaambia wachukue tu."

Mwalimu anaona haya, ila mgeni ni mgeni, anaagiza kahawa. Kahawa inaletwa na Piga. Naam, Piga, kitenzi chetu wenyewe cha Kiswahili, kumbe siku zote anaishi uani kwa Mwalimu. Mkono mmoja anapiga pasi, mkono wa pili anapiga deki, simu kaibana begani, na dele la kahawa liko kichwani.

"Binamu yangu huyu," anasema Bwana Take. "Kazi zetu ni hizi hizi za kuungaunga."

"Afadhali mimi wananiuliza," anajibu Piga. "Kutwa nzima: piga nini? Pasi au picha? Magoti au miayo? Tangu asubuhi sijampiga mtu hata kofi."

Mwalimu anapokea kikombe, anapiga funda, akiinua macho sebule haipo. Mkeka umetandikwa juu ya reli za stesheni, na wageni wameshakaa. Yupo Mzee Amidu, baba yake Yasini. Yupo na Yasini mwenyewe, ingawa si desturi bwana harusi kuhudhuria posa yake. Ndoto haina adabu. Bi Mwantumu kakaa mbele kabisa, kama kawaida yake. Mwajabu yuko pembeni, ushungi umemfunika mpaka puani.

Mzee Amidu anakohoa, anauliza kwa Kiingereza chake safi kama binti yuko tayari kuolewa na mwanawe. Katikati ya swali limo neno take. Bwana Take anasimama pale pale kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Nipo. Hapa nitumike kwa kazi gani?"

"Ngoja nifikirie," anasema Mwalimu.

"Mkalimani haruhusiwi kufikiri. Sema."

"Chukua," anaropoka Mwalimu kwa mazoea.

Bwana Take anamnyanyua Yasini, anambeba begani mpaka kwenye ghala la mizigo, anamlaza juu ya magunia ya machungwa.

"Siyo hiyo! Mrudishe, tafadhali!"

Yasini anarudishwa, kofia imekaa upande, anashukuru. Jasho linamtoka Mwalimu. Anajaribu tena: "Kunywa!" Lahaula. Yasini sasa yumo ndani ya kijiko, mdogo, kakunja miguu kwa adabu. Bi Mwantumu anakishika kijiko na kukisogeza machoni.

"Mara ngapi kwa siku, Hizza?"

"Dada, huyo ni mkwe!"

"Najua ni mkwe. Nauliza, kabla ya chakula au baada?"

Mzee Amidu anasema yeye hana neno, naye alipooa mambo yalikuwa hivyo hivyo.

"Kubali!" Mwalimu anapiga kelele. "Jamani, hapo maana yake ni kukubali!"

Yasini anarudi kimo chake. Bwana Take anaketi, ametosheka. "Haya. Basi na aulizwe kama anakubali."

Wote wanamgeukia Mwajabu. Mwajabu kainama, anatazama mkeka. Na ubavuni pake, kumbe, kakaa Kimya. Ni mwanamama mpana, kajitanda nguo nyeusi, kajaza nusu ya mkeka peke yake. Mwalimu hakumwona akiingia, kwa kuwa Kimya hana hodi.

"Vizuri sana," anasema Mwalimu harakaharaka. "Kimya ni ridhaa. Niwatafsirie wageni."

"Subiri, Mwalimu," anasema Piga, anaweka pasi chini. "Mimi mnaniuliza napiga nini. Huyu mgeni umemuuliza mpaka mtoto wa watu kaingia kijikoni. Huyu mama je? Mbona hujamuuliza kaja kwa kazi gani?"

Mwalimu anamwashiria Piga akae chini. "Huyu ana kazi moja tu. Ni desturi."

"Aa," anasema Bwana Take, anayatazama mabegi yake. "Hata mimi ulisema ninayo moja."

Mwalimu anafungua kinywa awape wageni jibu lao, wamalize, wale pilau waende zao. Sauti haitoki. Anajaribu tena. Kimya kahama pale kwa binti, kaja kukaa juu ya ulimi wake, na uzito wake, we acha tu.

"Kanyamaza!" anashangilia Bi Mwantumu. "Hizza karidhia!"

Vigelegele vinalipuka stesheni nzima. Mwalimu anatikisa kichwa kwa nguvu.

"Anaona haya," wanaambizana wanawake.

Machozi yanamtoka.

"Bibi harusi gani asiyelia?"

Anaishika nguzo ya taa kwa mikono miwili.

"Anaringa huyo, mwacheni aringe. Siku yake."

Wanamng'oa kwenye nguzo kwa upole. Wanamfukiza udi, wanamvika kanga mpya, wanamkalisha kitako na kuanza kumpaka hina kutoka kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Treni inapiga honi. Mzee Amidu anasema Blantyre kuna baridi kidogo, atafutiwe sweta. Mwalimu anawaza kitanda chake, kuku wake, baraza yake, na kwamba watu wote hawa wanampenda na hakuna hata mmoja atakayemuuliza. Aliogopa, jamani. Mzee mzima aliogopa vile ambavyo hajapata kuogopa tangu kuzaliwa. Alichohitaji ni neno moja dogo la kwao, si la Kiingereza, na neno lenyewe limekwama chini ya makalio ya Kimya.

Treni inaondoka naye. Dirishani anamwona Mwajabu amesimama, ushungi ameuvua, anamtazama kwa huruma.

"Utazoea, baba mdogo," anasema Mwajabu. "Wote wanasema mtu huzoea."

Mwalimu akaamka anapiga mayowe, shuka limemzonga shingoni, muadhini anaadhini alfajiri. Akakaa kitandani mpaka pumzi zikarudi. Akatoka kwenda kutawadha, na alipofika kwenye kuosha miguu akasita. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa chekundu. Hina, mbichi, bado ina unyevu. Akaisugua kwa sabuni, akaisugua kwa jiwe. Nyumbani mwake hakuna mtu aliyepaka hina tangu Idi.

Kulipopambazuka akaenda uani. Mwajabu alikuwa peke yake na ungo mapajani, anachambua mchele wa wageni. Mwalimu akavuta kibao cha mbuzi, akakaa mbele yake, magoti yakapanda mpaka kifuani.

"Mwajabu, mwanangu. Huyu Yasini, unamtaka?"

Mwajabu akainama, akautazama mchele. Vidole vikaacha kuchambua. Siku nyingine hapo Mwalimu angesema alhamdulillahi na kunyanyuka. Leo hakunyanyuka. Alikaa tu, kibao kinamuumiza, jua likawafikia, naye yuko pale pale. Macho ya Mwajabu yakateremka kutoka kwenye ungo mpaka kwenye ndara za baba yake mdogo.

"Baba mdogo, hiyo hina umepakwa na nani?"

"Shangazi yako na wenzake. Ndotoni. Walikuwa wananipeleka Blantyre."

Mwajabu hakucheka. "Ukawaambiaje?"

"Sikuweza kusema kitu. Kila nikijaribu, sauti haitoki. Wakapiga vigelegele."

Chozi la Mwajabu likadondokea kwenye mchele.

"Na mimi hivyo hivyo, baba mdogo."

Mwalimu akauchukua ule ungo, akauweka chini. "Basi sema sasa, mama. Sina haraka."

Akasema. Mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo, kama anamwambia mchele: "Sitaki." Kisha akasema tena, na mara ya tatu alisema kwa sauti kubwa, mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.