Tuta Linatoa Jasho

"Linatoa jasho tu, dada. Masika hii kila kitu kinatoa jasho. Hata wewe."

"Jasho halina matope, Mahfoudh. Tazama."

Nikamsogezea bakuli jeupe la uji la mama, nililolitega chini ya tuta tangu nilipofika. Lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mdogo wangu akalitazama kama mtu aliyeletewa chai iliyopoa, akalimwaga.

"Umetia mkono wewe."

"Nitoke Ng'ambo, niache nguo zangu kwenye beseni, nije Bumbwisudi kutia mkono kwenye bakuli?"

Bwawa hili alilichimba marehemu baba kwa ajili ya kumwagilia mboga. Hakuwa mhandisi. Alikuwa dereva wa gari la mawe aliyejuana na mwenye katapila. Akausukuma udongo ukawa tuta, akaushindilia kwa kulipitisha gari lake mbele na nyuma mpaka majirani wakamdhani amerogwa. Pembeni akaacha njia ya chini kidogo, bwawa likijaa kupita kiasi maji yapite hapo, yazunguke nyumba, yateremke bondeni kwenye magugu. Hadi hapo akili yake ilimtosha. Kisha wajukuu wakaanza kuzaliwa.

Kwetu mtoto akizaliwa kondo lake huzikwa, na hapo hupandwa mnazi wake. Baba hakutaka kupoteza hata shubiri ya ardhi ya mboga, kwa hiyo minazi yote akaipanda juu ya tuta. Ilipendeza, sikatai. Lakini mnazi wa Suhail wangu ukaliwa na chonga, wale mende wenye pembe, na Mahfoudh akaukata akaacha kisiki. Kisiki kikaoza, mizizi ikaoza, ikaacha matundu ndani ya tuta, na sasa maji yanapita humo yakibeba udongo. Bakuli nililitega chini ya kisiki hicho hicho.

Na chini ya bakuli, umbali wa kurusha kandambili, lipo paa la mama.

Baba alipofariki, Mahfoudh aliacha mboga akafuga perege. Kisha akagundua kuwa watu wa mjini wanapenda pikiniki, akanunua bata mkubwa wa plastiki, boti ya kukanyaga pedeli. Ili perege wasitoroke na bata asikwame kwenye tope, akaiziba ile njia ya baba kwa viroba vya saruji. Sasa maji yamefika karibu na ukingo wa tuta, na keshokutwa ni Idd kubwa.

"Diploma yako ni ya kutandika vitanda, dada."

"Ni ya uendeshaji wa hoteli. Na hoteli yenyewe iko Mji Mkongwe, ambako mtini uliota ukutani ghorofa ya pili na wageni wakaupiga picha. Wakaukata, hawakuziba. Mvua ikaingia kwenye matundu ya mizizi, ukuta ukalala juu ya vitanda nilivyotandika mimi. Mie mizizi naijua."

"Ule ukuta. Hili tuta."

"Ndiyo, na tuta lina mama chini yake."

Mama mwenyewe, Bi Mwanamwema, akatokea jikoni na mwiko mkononi. "Mnagombania bakuli langu?"

"Mama, leo unahamia kwangu, na maji tunayapunguza," nikamwambia.

"Ng'ambo? Nikalale na feni lako linalokohoa? Makondo ya wajukuu wangu yako hapa, mie naondokaje?"

"Kondo la Suhail lishaliwa na kaa zamani, mama. Mwenyewe mzima, jana kala chapati zangu zote."

Mama alitaka kukasirika, akacheka. Mahfoudh akaona upenyo.

"Si unaona? Mama hana wasiwasi. Nshaahidi watu, dada. Idd ipite, nitaleta fundi aiangalie hiyo mizizi yako."

"Sawa. Basi mpaka huyo fundi aje, wewe utalala chumbani kwa mama, na mama atalala kwako Kiembe Samaki."

Akajikuna shingo. "Kule karibu na uwanja, ndege zinapiga kelele. Mama hatopata usingizi."

"Wewe umezoea ndege, utazoea na vyura."

"Mie na kitanda kile hatuelewani. Mgongo wangu, dada, unaujua."

"Haya, mgongo wako tuuonee huruma. Basi walete wanao walale na bibi yao. Idd hii, watafurahi."

"Aa, watoto hapana," akasema.

Alilisema upesi mno. Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe baada ya kulitoa. Mama naye alilisikia. Mwiko ukashuka.

"Watoto hapana," mama akarudia polepole. "Mie ndiyo?"

"Mama, sikukusudia hivyo. Nilitaka kusema..."

"Nshakusikia ulivyosema. Nasima!"

"Naam, mama."

"Sululu liko nyuma ya choo."

Nikalifuata. Mahfoudh akanifuata mimi, akitaja wageni, akimtaja bata, akilitaja hata jina la baba. Nilipofika kwenye njia iliyozibwa nikajifunga kanga kiunoni na kuanza na viroba vya juu, kimoja kimoja, ili maji yatoke kwa adabu yasije yakala ukingo. Saruji ilikuwa ngumu kuliko kichwa cha aliyeiweka. Pigo la tatu nusura lichukue kidole changu cha mguu.

"Nipe, nipe," Mahfoudh akasema. "Utajikata."

"Basi vunja."

Akavunja. Aliweka viroba mwenyewe, alijua pa kupiga. Maji yakapata njia, yakaizunguka nyumba kama baba alivyotaka, yakateremka bondeni yakilaza magugu. Ukingoni, alama ya unyevu ikaanza kujitokeza juu ya maji, na bata wa plastiki akakaa upande kama mlevi. Kisha perege wa kwanza akaruka kwenye mkondo, na wa pili, na ukoo mzima.

"Mahfoudh!" mama akapiga ukelele kutoka chini. "Ndoo! Samaki wanaondoka na wewe umesimama!"

Akaingia majini na viatu vyake vipya. Mie nikashuka kwenda kufunga godoro la mama kwa safari ya Ng'ambo.