Matanga ya Kabedi

Nikutegee kitendawili kimoja, wewe uliyeketi hapo. Amepikiwa chakula cha mtaa mzima, yeye hali. Ameletewa shuka jipya, yeye hasikii baridi. Anasifiwa tangu asubuhi, yeye hasemi hata asante. Ni nani?

Usinirushie jibu sasa. Liweke chini ya ulimi, unisikilize kwanza habari za Kabedi, kwa sababu yeye alikijibu kwa namna ambayo hapa kwetu kambi ya reli, Kamina, watu wanaicheka mpaka leo, na wengine hawaicheki.

Germaine Kabedi alikuwa mjane wa Nkashama, yule fundi wa breki za treni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mama wa unga katika chama chetu cha kusaidiana. Kazi yenyewe ni hii: mtu akifa, Kabedi anajifunga kitambaa kichwani, anachukua beseni lake la bluu, anapita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba inatoa unga, inatoa makala, yaani makaa ya kupikia, mwenye uwezo anatoa shuka. Hakuna anayekataa. Hata aliyelala na njaa atakopa kwa jirani apate cha kutia katika beseni la matanga. Na kilichoingia matangani ni cha wafiwa, hakirudi. Anayebeba unga kutoka kwenye kilio kurudi nao kwake amebeba kifo na kukipeleka jikoni mwake. Ndivyo tunavyoamini, na sijamwona bado aliyejaribu.

Basi mwezi wa pili mwaka huu utumbo wa Kabedi ulijisokota. Walimpeleka hospitali juu ya baiskeli, mmoja akisukuma na mwingine akimshika mgongo. Daktari akampasua kutoka chini ya kifua mpaka chini ya kitovu, akakata kipande kilichooza, akaunganisha kilichobaki. Ili alipe deni na kutoka hospitalini, Kabedi aliuza cherehani yake, akauza na baiskeli ya marehemu. Siku ya kutoka daktari alimketisha.

"Mama, miezi tatu," alimwambia. "Hakuna ndoo, hakuna kutwanga, hakuna jembe. Ukinyanyua muzigo, kamba zitaachana ndani, na mara ya pili sitapata mahali pa kushona."

Maneno mepesi kwa mwenye kulipwa kila mwezi. Kabedi alikuwa ananunua mihogo mikavu inayoshuka na treni kutoka Kaniama, anaitwanga, anauza unga sokoni. Kazi yake yote ilikuwa kunyanyua na kutwanga. Mtoto wake mmoja, Mira, yuko huko huko Kaniama na watoto watano na mume asiye na kazi. Siku ya kumi na mbili baada ya kutoka, unga nyumbani uliisha. Kabedi akasema moyoni, nusu ndoo ya maji si mzigo. Akanyanyua. Kitu kikamvuta ndani kama uzi unavyovutwa katika nguo, akaketi chini palepale, na alipotazama kitambaa cha tumboni akaona doa jekundu, dogo kama kifungo cha shati.

Hapo ndipo alipokata shauri. Hatanyanyua tena. Ataomba.

Jumapili baada ya ibada chama kilikutana. Kabedi aliingia pole pole, mkono tumboni. Aliyeketi mbele ni Papa Philémon Katende, mkuu wa stesheni aliyestaafu, rais wa chama, mtu wa koti hata jua likiwaka. Sheria zote za chama aliziandika yeye kwa mkono wake katika daftari, na daftari hilo haliachi. Mwaka jana alifiwa na mke wake, Sephora, na Kabedi ndiye aliyepitisha beseni.

"Bandugu," Kabedi akasema, "sikukuya kulia. Munganga amenipa miezi tatu. Naomba unga ya miezi tatu, na makuta, feza kidogo ya kufungisha kidonda kila juma. Kisha narudia kazi yangu, na beseni nitalibeba tena sawa zamani."

Watu wakatazama daftari.

"Mama Kabedi," Papa Philémon akasema, "règlement, sheria ya chama, iko wazi. Chama kinasaidia kilio. Mugonjwa tunamutembelea, tunamuombea, tunamupelekea sukari kilo moja."

"Sukari ilifika, Papa. Aksanti. Niliilamba, tumbo haikupona."

Wanawake wa nyuma wakacheka. Ngondo, yule muuza vocha za simu, hakucheka.

"Tukianza na tumbo ya Mama Kabedi, kesho kila mwenye jino inauma atakuya hapa," alisema. "Na bandugu yake ba ku Kasai hawana mikono?"

Kuna maneno ambayo kambi yetu haiyapendi, tangu ile miaka watu wa asili ya Kasai, kama Kabedi, walipofukuzwa na kupakiwa kwenye mabehewa na vitanda vyao. Kabedi hakupandisha sauti.

"Ngondo, baba yako alikufa mwaka gani?"

"Elfu mbili kumi na tano."

"Nani alikupitishia beseni?"

"Weye."

"Unga ile mulikula siku tatu, ilikuwa ya Kasai ao ya hapa?"

Ngondo akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo. Kabedi akamgeukia mwenye daftari.

"Papa Philémon, nakuuliza neno moja. Kama ningekufa pale juu ya meza ya munganga, mungeniletea nini?"

Mzee akafunga daftari. Akalifungua. Akalifunga tena.

"Mama, tusikiite kifo."

"Sikukiita. Kilikuya chenyewe, tukaonana, kikaenda. Mie nauliza tu mungeniletea nini."

Mzee alisema tusimame tufunge kwa maombi, na watu wakasimama haraka kuliko siku zote. Kabedi alibaki ameketi mpaka amina.

"Basi," akasema, "Ijumaa kilio kiko kwangu. Mukuye."

Walitoka wakiambiana dawa ya usingizi ya hospitali bado inamzunguka kichwani.

Ijumaa asubuhi Kabedi alimwita Lise, mke wa jirani, akamwomba akate makuti mawili ya mchikichi, ayasimamishe kando ya barabara, moja huku, moja kule. Hiyo ndiyo alama yetu. Mpita njia akiona makuti yamesimama hivyo, haulizi, anajua pale kuna maiti.

"Yaya, unajilaani," Lise akasema, akimwita dada mkubwa, panga mkononi.

"Daftari limenilaani tayari. Kata, mama."

Kabedi akatandikiwa mkeka mbele ya nyumba. Beseni la bluu likawekwa mbele yake, tupu. Hakuvaa nyeusi. Alivaa kitambaa chake cha Pasaka, cha njano, akaegemea ukuta, mto tumboni, kikombe cha uji mkononi.

Wa kwanza kufika alikuwa Bitota, mwanamke wa ng'ambo ya reli, ambaye hakuwa na habari yoyote. Aliona makuti, akageuka mbio kwake, akarudi na unga. Tangu barabarani alikuwa anapiga kelele za kilio. Akamwaga unga ndani ya beseni bila kutazama, maana mwenye kulia vizuri hufumba macho, akajitupa chini.

"Yaya Kabedi eee, umetuacha na nani? Weye mwenye moyo ya kupana, weye mwenye hukukataa muntu, nani atatupitishia beseni eee."

Akabingirika mpaka mkono wake ukagusa mguu. Mguu ulikuwa wa moto. Akafumbua jicho moja.

"Karibu, Bitota," Kabedi akasema, akameza uji. "Endelea. Ulikuwa unasema namna gani juu ya moyo yangu?"

Bitota aliketi vumbini, kilemba kimehamia sikioni.

"Nani amekufa?"

"Bado. Njo maana nimewaita mapema, nipate na mie kusikia."

"Unanidanganya mbele ya bantu, Yaya?"

"Nimesimamisha majani. Jina ya maiti umeleta weye mwenyewe."

Bitota akainuka kwa hasira, akanyoosha mikono kwenye beseni. Kabedi alilisogeza kwa kidole cha mguu, likawa karibu naye zaidi.

"Imeingia kwa matanga. Beba, kama unaweza."

Mikono ikabaki hewani. Ikarudi pole pole kwenye kitenge chake. Bitota akatazama unga, akamtazama Kabedi, mara bega likaanza kumtikisika, na kicheko kilichomtoka kilisikika mpaka kwenye reli. Akavuta kiti. "Basi nibaki," akasema. "Nione nani atalia vibaya kunipita."

Na walikuja. Wengine walisikia kicheko wakaja kuona kichaa, lakini nani kwetu anakanyaga mkeka wa matanga mikono mitupu? Hata mwenye kuja kucheka alikuja na sahani ya unga. Wengine walikasirika kweli. Mama mmoja mzee alisimama barabarani, akatema mate, akasema hivi ni kuwatukana waliokufa, akaenda zake, na Kabedi alimwacha aende. Ngondo akafika karibu na saa sita, gunia la makala begani. Alilitua kando ya ukuta na hakusalimia.

"Ile ni ya nini?" Kabedi akamuuliza.

"Ya baba," Ngondo akasema. Akaondoka.

Ndipo Papa Philémon alipofika. Koti, daftari kwapani, na kifurushi cha gazeti kifuani. Kabla ya kufika mkekani alikuwa anahema, na alipomwona Kabedi ameketi alisimama kama treni iliyokutana na ng'ombe njiani. Uso ukambadilika mara mbili: kwanza ukalegea, kisha ukakazika.

"Toa ile majani," akasema. "Unachezea kifo, unachezea na chama."

"Majani nitatoa siku utanijibu."

"Nitakufuta mu chama, Mama Kabedi."

"Nifute. Lakini uandike vizuri, na tarehe: amefutwa kwa kukataa kufa."

Bitota akaficha mdomo katika kitenge. Papa Philémon alitoa kalamu, kweli aliitoa, akafungua daftari, na kalamu ikakaa juu ya karatasi bila kushuka.

"Papa," Lise akauliza, "ile ya mu gazeti ni nini?"

Mzee akakitazama kifurushi kana kwamba mtu mwingine amekiweka mikononi mwake. Gazeti lilikuwa limepasuka pembeni, na wote tuliona. Lilikuwa shuka jeupe, jipya, bado na mikunjo ya duka.

"Nilisikia Bitota analia," akasema. "Nikajua Mama Kabedi amekufa. Nilikimbia sokoni."

"Makuta ulitoa wapi?" Kabedi akamuuliza. "Jumapili hakukuwa makuta."

Kabedi alimwonyesha kiti. Hakumwonyesha kwa ukali.

"Keti, Papa. Umekimbia sana juu yangu. Shuka unipe, niko nasikia baridi."

Akalipokea, akalikunjua, akajifunika miguu mbele ya watu wote. Kisha akasema pole pole, kama anayeuliza mtoto wa darasa la kwanza:

"Sasa nijibu. Kama ningekufa, mungeniletea nini?"

Papa Philémon aliweka daftari chini, kando ya beseni. Alilitazama beseni, unga umejaa mpaka ukingoni na mwingine umemwagika mkekani.

"Mabeseni makumi ine na mbili," akasema.

Watu wakatazamana.

"Sephora njo alipata vile. Niliyahesabu mwenyewe. Miezi ine alilala mugonjwa mu nyumba, anakunywa chai tupu, na sikuomba muntu, juu ya ile règlement niliandika mie. Siku alikufa mukaleta makumi ine na mbili. Nilikula ile unga mupaka Noeli, Mama Kabedi, na kila siku nilikuwa nahesabu angekula siku ngapi." Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya daftari. "Weye tungekuletea kupita yale."