Assia Ni Mtu wa Nani

…na eti ningoje, ningoje nini tena, tangu asubuhi nimekalia benchi hii ya kiwanda cha kahawa mpaka makalio yamekufa ganzi, na Madamu Adélaïde pale dirishani anagonga mashine yake ya kuandika, tak tak, kucha nyekundu, rangi anaipata wapi na vikwazo hivi, sukari yenyewe tunaisikia redioni tu, ila Buyenzi nzima tunajua gari la nani linamshusha Jumamosi… haya, nyamaza Kudra, umefuata karatasi, karatasi moja ya ajali, mwajiri atie sahihi, daktari kasema bila hiyo Assia hapasuliwi, vidole viwili vya mjukuu wangu vinaoza ndani ya bendeji, tukichelewa ni mkono mzima, na huyu ananiambia, "Mukecuru," bibi kizee ndiye mimi huyo, "mutoto wako si mutu wetu, ni wa Népomuscène, sisi tunakodi watu kwake tu, uende kwake," kana kwamba sikwenda, jana nimevuka vizuizi viwili vya askari hadi Nyakabiga, nikamkuta Népomuscène anakunywa chai, tumbo mbele, hata kiti hakunipa, "Mama, mi natafuta watu nawafikisha getini, basi, mashine iliyomukata ni yao, mi sina mashine," na kweli hana, ana daftari na pikipiki… lakini nani alimpeleka mtoto kwake kama si mimi, na mdomo wangu huu, nilimpelekea mkewe umbea wa mtaa mzima, tukacheka mpaka chai ikapoa, ndipo Assia akaandikwa, nikajiona mjanja, tena kazi ya kukaa, kuchagua kahawa, punje mbaya huku, nzuri kule, nani alitaja mashine, fundi wao wa mashine alikimbilia Kigoma risasi zilipolia, ndipo kapita Hugues, msimamizi wa kiwanda huyo, si wa Népomuscène, akamnyooshea Assia kidole, "We, toka mezani, kamata mashine," mashine isiyo na kifuniko… "Madamu, bado?" "Apana, mukecuru, nimeshakuambia," hata hanitazami, nami nimepanga maneno ya kumlainisha, mwanangu, nihurumie, mi ni kama mama yako… saa tisa hiyo, wanawake wanatoka, wanawahi kabla ya saa ya kutotembea, amri ya askari, wamejipanga getini na mlinzi Mawazo anawafungua vitambaa vya kichwa mmoja mmoja, anavikung'uta, anatafuta punje zilizofichwa, wa Népomuscène na wa kiwanda mstari mmoja, hakuna anayeulizwa we mutu wa nani, na Assia pia, siku ile ile, mkono umefungwa kanga inachuruzika damu, walimsimamisha wakamfungua kichwa kwanza, alinihadithia akilia, hakulilia vidole, alililia nywele zake kuwa wazi mbele ya wanaume, nami nikamwambia nyamaza, hayo madogo, mpumbavu mimi… ngoja… kuamriwa alikuwa wao, kupekuliwa alikuwa wao, kukatika ndiyo akawa wa Népomuscène, na mimi nimekuja hapa na sauti ya kuomba chumvi kwa jirani, huruma ya nini, yale maneno matamu yote yamenitoka na siyatafuti, tak tak, kucha nyekundu, benchi ni ile ile, geti linafungwa, Mawazo ananiangalia, navua viatu vyangu, navipanga chini ya benchi taratibu, anayetaka kunitoa humu na aje anifungue kitambaa cha kichwa kwanza, kama mtu wao…