Baiskeli Ndani ya Gunia

Mjomba wangu ni fundi baiskeli na hamwamini mtu. Ndiyo maana siku naondoka aliifungua baiskeli yangu kipande kwa kipande, akaitia yote ndani ya gunia.

"Mwizi ni mvivu," akasema. "Hawezi kuiba kitu ambacho lazima akiunge kwanza."

Sikubisha. Nimemaliza shule, nyumbani nimeshakuwa kama stuli, kila anayefagia ananisogeza. Halafu shemeji yangu, mume wa dada, akapiga simu kutoka huko anakoishi, nchi mbili mbele. "Duka la dawa hapa linatafuta mtu wa kupeleka dawa majumbani. Nimekuombea. Ila uwe na baiskeli yako. Ukija bila baiskeli, umekuja kusalimia tu."

Basi nikapanda treni na gunia langu. Asubuhi wauza mikate walikuwa wanapiga kelele madirishani kwa lugha yetu. Mchana mkate uleule, jina silijui. Nikiulizwa kitu, nacheka. Pembeni yangu alikaa mama mmoja muuza viatu, ana magunia mawili ya mtumba, na anajua lugha zote za reli ile, hadi za kugombania.

Mpakani tukashushwa wote na mizigo yetu, maana pale treni hubadilishwa kichwa. Afisa wa forodha akafungua gunia langu, akatoa pedali, akaigeuza geuza, akasema maneno mengi sana.

"Anasema hizi ni spea," mama viatu akanitafsiria. "Spea ni biashara. Zinabaki hapa mpaka zilipiwe ushuru."

"Mama, mwambie ni baiskeli!"

"Nimemwambia. Anasema baiskeli anazijua, anayo yake nyumbani, na wala haifanani na hii."

Hela ya ushuru sina. Na nikiiacha, kazi ndiyo imekwenda. Mama akaanza kumbembeleza yule afisa, mkono kifuani, sauti ya asali, mpaka jamaa akakuna kidevu.

"Haya mwanangu, anasema hivi. Ikisimama ukaipanda, ni yako, pita nayo. Lakini kichwa kipya kikishafungwa, treni haikungoji."

Nikamwaga gunia chini. Hapo ndipo nikagundua kwamba spana hamna hata moja. Mjomba amebaki nazo! Si nimesema hamwamini mtu? Hata mimi.

Nikawakimbilia mafundi waliokuwa wanafungua kichwa cha zamani. Lugha yao siijui. Nikazungusha mkono hewani kama mtu anayekaza nati. Mmoja akanipa kikombe cha chai na kijiko. Nikarudi mbio, nikaleta gurudumu, nikamwekea kidole kwenye nati. Akacheka, akaniletea spana kubwa kama mguu wangu. Nikaonyesha ndogo. Akaleta ndogo. Nikaonyesha ndogo zaidi. Mwisho akachomoa moja mfukoni mwake, nikamkumbatia na mafuta yake yote.

Kurudi, nakuta abiria wameshazunguka vipande vyangu. Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni kashika fremu. Mwingine anavalisha mnyororo. Kila mtu anatoa amri kwa lugha yake, na kila mtu anamwona mwenzake hajui kitu.

"Wanasemaje, mama?"

"Wanakutukana. Kaza hapo!"

Kichwa kipya kikapiga honi kwa mbali. Nikakaza gurudumu la nyuma, la mbele, siti, usukani, nikarukia juu. Watu wakapiga makofi. Afisa akanyoosha kidole: mpaka mwisho wa jukwaa, urudi.

Nikaenda. Usukani ulikuwa unatazama kushoto na mimi natazama mbele, lakini nikaenda. Nikageuza, nikarudi kwa fujo, upepo usoni, nacheka peke yangu kama chizi. Ndipo nikabana breki.

Breki nilikuwa sijafunga.

"Mama! Sina breki!"

Mama viatu akapiga ukelele kwa lugha tatu mfululizo. Watu wakaruka, afisa akaruka na kofia yake mkononi, mimi nikaingia mzima mzima kwenye magunia ya viatu. Vikapaa kila upande.

Nilipoinua kichwa, afisa alikuwa ameinama, ameshika magoti. Nikadhani nimemwumiza. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka, anaongea kwa shida.

"Anasema pita," mama akatafsiri, naye hoi kwa kicheko. "Ni yako kweli, maana hakuna mfanyabiashara angethubutu kumuuzia mtu kitu kama hicho."

Treni ikaanza kusogea polepole. Nikamrushia fundi spana yake, akaidaka. Baiskeli wakaipokea mlangoni ikiwa nzima, mimi nikafuata, na viatu vya mama vikawa vinarushwa madirishani huku watu wanakimbia pembeni ya treni. Hatukupoteza hata kimoja, ila vya kulia na vya kushoto vilikuwa vimetengana kabisa. Behewa zima likakaa chini kutafuta pacha.

"Mama, samahani."

"Samahani nini, hebu tafuta pacha wa hiki chekundu." Kisha akanifundisha neno moja la lugha ya kule niendako: breki. "Anza na hilo. Mengine utayakuta njiani."

Nikalijaribu kwa sauti. Dada mwenye mtoto akanyanyua miguu upesi, kunipisha.