Mtawa wa Muuza Nyama

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Manyunyu yalianza alfajiri, na hadi saa nne asubuhi yalikuwa hayajaamua kama ni mvua kweli au ni utani tu wa mawingu.

Nundu, muuza nyama mwenye mabega yaliyompa jina hilo, alifunga bucha mapema. Alinawa mikono mara tatu, akainamisha kichwa mbele ya sinki na kumwomba Mungu amshike kwa siku hiyo moja tu. Kisha akaenda kwa mdogo wake.

Miezi minne nyuma, mdogo wake alikosea kukata paja la ng'ombe mbele ya wateja, naye Nundu akamvunja taya kwa ngumi moja. Taya ilifungwa waya wiki sita. Tangu hapo mdogo hakukanyaga tena bucha waliyoachiwa na baba yao. Nundu akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja: hasira zilimpofusha, hakuona alipopiga.

Shemeji yake, mke wa mdogo huyo na mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyetoa sharti. Kila Jumamosi mchana nyumbani kwake kulikuwa na mchezo wa mezani. Yeye husimulia nchi ya mazimwi na mapanga, kila mchezaji hujifanya mtu wa nchi hiyo, na kete ya pande ishirini huamua nani apone na nani afe. Nundu angecheza mtawa aliyeapa kutomwaga damu. Akimaliza Jumamosi sita bila kumjeruhi hata panya, mumewe angerudi kazini. Leo ilikuwa ya sita.

Mezani alikuwepo pia jirani yao, fundi cherehani, mdomo wake hauna breki. Kwa sababu yake kulikuwa na kanuni, maana alizoea kubadili maneno kete ikimwangusha: lililosemwa kete ikiwa mkononi limetendeka, hakuna kulimeza.

"Mtawa, leo usituletee sala tupu," fundi alimchokoza. "Lete na bandeji."

Zilihitajika. Katika nchi ile ya mchezo, darajani, waliviziwa na majambazi. Shoka la kwanza lilipasua ngao ya fundi na vidole vyake viwili. Mdogo, aliyecheza mpiga upinde, alimtoboa mmoja koo, akamzamisha wa pili mtoni huku amemkanyaga kisogo. Mbao zililowa damu hadi miguu ikateleza. Mtawa alitambaa katikati ya mapanga akifunga vidonda, na fundi akamlilia aokote shoka japo mara moja. Nundu alikataa.

Kisha mkuu wa majambazi akamwangusha mpiga upinde, akamkalia kifuani na kuinua panga. Nundu alinyakua kete. Alitaka kumshika tu. Shemeji akamuuliza angemshikaje.

"Mkono wa panga," Nundu alisema, macho yake yakiwa kwa mdogo wake. "Hapa kwenye kiwiko. Ukipitisha kisu katikati ya mifupa, mkono unaachia wenyewe."

Alisema kama anavyomweleza mteja, miaka ishirini ya bucha ikimtoka mdomoni. Kete ikamdondoka. Kumi na tisa kati ya ishirini.

Shemeji akasimulia ilivyopasa. Kisu cha mkate cha mtawa kilipita kwenye kiungo, mkono ukaning'inia kwa ngozi, na mkuu wa majambazi akavuja damu hadi akafa, akiuliza huyu si mtu wa Mungu?

Fundi alimtetea, kwamba mwenzao alikuwa anaeleza kazi tu, hata kuku angeelewa. Nundu alihisi ngumi yake imejikunja chini ya meza. Aliifungua, kidole kimoja kimoja.

"Nilisema kete ikiwa mkononi," alikiri. "Nimemuua."

Majambazi wawili walibaki. Walimrukia mtawa kwa marungu, na shemeji akauliza kama anajikinga. Nundu akatikisa kichwa. Wakamvunja mbavu. Akauliza tena. Wakamng'oa meno, wakamponda goti. Mara ya tatu, mdogo aliweka penseli chini.

"Kaka, siku ile ulinipiga wapi?"

Wote walilijua jibu lake la siku zote. Hata Nundu alilisikia likipanda kooni, limelainika kwa kutumika. Akalirudisha.

"Chini ya sikio," alisema. "Taya inaposhikana na fuvu. Nilipachagua. Nilijua patavunjika. Sikupofuka, mdogo wangu. Nimewadanganya wote, na katika sala pia nimedanganya."

Shemeji alifunga daftari la mchezo.

Sharti limevunjika, mdogo alisema, na asingerudi kwa ajili ya mtawa yeyote. Lakini ukweli huu ndio alioungoja miezi minne.

"Basi niahidi. Kwa kinywa chako mwenyewe. Hawa wawili wasikie."

Nundu alisimama.

"Mbele ya mkeo na fundi, na Mungu akinisikia: mkono wangu hautakuinukia tena, wala hautamwinukia yeyote atakayefanya kazi nami. Siku ukiniona nimekunja ngumi, nitatoka mimi buchani, ubaki wewe."