Faharasa ya Kitabu cha Wakunga

Jina la Bi Nukta hakupewa na wazazi wake. Alipachikwa na wenzake wa chumba cha kupanga kurasa, kwa sababu nukta ikikosekana mahali pake yeye hali akashiba. Kitabu kikimwingia mikononi hukianzia nyuma, kwenye faharasa, pale maneno yanapopangwa kwa herufi na kila neno likaonyeshwa ukurasa wake. Wengine huzipita kurasa hizo kama wanavyoupita mlango wa stoo. Yeye huzisoma kama wanaume wa ofisini kwao wanavyosoma habari za mpira.

Mwaka ule kiwanda chao cha uchapaji kilipata kazi ya heshima: mwongozo wa wakunga, ulioandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho na daktari mstaafu. Daktari mwenyewe alikuwa na sifa mbili. Kwanza, nusu ya watu wa mji ule walipita mikononi mwake siku ya kuzaliwa. Pili, alikuwa mkali kama pilipili. Ilisemekana aliwahi kumpokonya mchapaji mwingine mswada wake kwa ajili ya mkato mmoja tu.

Bi Nukta akakabidhiwa faharasa yake, na shida ikaanzia kwenye K. Vitenzi vyetu vina tabia ya kuvaa kofia: kufunga, kusukuma, kutokwa, kuzalisha. Ukivipanga kama vinavyotamkwa, vyote vinakwenda kurundikana kwenye herufi moja kama watu waliosikia kuna kitu kinagawiwa bure. Bi Nukta alitaka kofia hizo zivuliwe. Ile "ku" iandikwe kwa herufi nyepesi, isogezwe nje kidogo upande wa kushoto, na mzizi uandikwe kwa herufi nzito. Kutokwa kukae kwenye T, kuzalisha kwenye Z. Alichora ukurasa wa mfano, akauangalia, akafurahi peke yake.

Daktari alikataa kwa simu.

"Mkunga si mwalimu wa sarufi, Bi Nukta. Akitaka kutokwa damu atatafuta kutokwa. Hiyo ni K. Andika K."

"Lakini Daktari, K itakuwa ndefu mno."

"Basi iwe ndefu. Kwani inakula kwako?"

Alipompelekea Mkurugenzi wa kiwanda malalamiko yake, Mkurugenzi aliinua mikono yote miwili. "Mpe anachotaka, dada. Mzee huyu akikasirika tutalia sote."

Akampa. K ikatambaa safu baada ya safu, ukurasa baada ya ukurasa, mistari imefanana kama matofali ya ukuta. Prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, zikapelekwa nyumbani kwa Daktari azipitie, na Bi Nukta akabaki na nakala yake na moyo uliokataa kutulia.

Jumamosi mdogo wake alikuja kumtembelea. Huyu alikuwa mkunga wa siku nyingi, mwanamke mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Kabla hajakaa sawasawa, Bi Nukta akamwekea ile nakala ya kitabu mapajani.

"Mdogo wangu, mama amejifungua sasa hivi, damu haikatiki. Nitafutie ukurasa."

"Dada, nimetoka kazini. Hata maji hujanipa."

"Tafuta kwanza, maji yapo."

Mdogo mtu akafungua nyuma. Akaenda kwenye D, kwenye damu. Hakuna. Akageuza kwenda K, kidole kikaanza kuteremka: kubana, kubeba, kuchana, kuchanjwa... Kikashuka, kikapanda, kikapotea njia. Midomo ikaanza kumchezacheza. Mwisho akakifunga kitabu kwa kishindo.

"Huyo mama yako ameshamaliza safari, mimi bado nipo kwenye kukohoa!"

Bi Nukta alijitahidi kutotabasamu. Roho yake ilikuwa inamwambia, si nilisema? Akautoa ukurasa wake wa mizizi, ule aliouchora kwa mapenzi.

"Haya, jaribu huu."

Mdogo mtu akautazama kwa jicho pembe. "T? Tokwa? Nani anawaza tokwa? Dada, mimi nikiona damu nawaza damu. Nikiona kitovu nawaza kitovu. Hayo ya kufanya nini yanakuja baadaye. Sasa naomba maji yangu."

Bi Nukta alikwenda jikoni, akasimama mbele ya mtungi na glasi tupu mkononi kwa muda. Kumbe wote wawili walikuwa wamekosea, yeye na Daktari, kila mtu kwa ubishi wake.

Kesho yake alishusha vitabu vyake vya zamani, akavitandaza sakafuni vikiwa vimefunguliwa kwenye kurasa za mwisho. Somo hili la faharasa alikuwa amelifuata kwa miaka. Alijua kwamba enzi za kunakili kwa mkono, ukurasa wa nakala moja haukulingana na ukurasa wa nakala nyingine, hivyo faharasa ya kitabu cha jirani haikukufaa kitu. Mtambo wa kuchapa ndio ulioleta kurasa zinazofanana kwa wasomaji wote. Lakini hapo mafundi walianza kugawanyika. Wengine, kwa kubana karatasi, walishindilia kila kitu katika aya moja iliyokatwakatwa kwa alama. Wengine walilipa kila jambo mstari wake, la juu likianza ukingoni, madogo yake yakiingia ndani kidogo kama watoto nyuma ya mama yao. Bi Nukta akapiga magoti juu ya ukurasa mmoja wa namna hiyo, karatasi yake imegeuka rangi ya chai, na akaona njia. Damu itakaa ukingoni kwa herufi nzito. Chini yake, ndani kidogo: kutokwa kabla ya uchungu, kutokwa baada ya kujifungua, kuongezwa. Vitenzi vibaki na kofia zao, ila vikae nyumbani kwa kile kinachohusika.

Alizipanga upya kurasa chache. Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia Daktari. Alipiga moyo konde, akaenda.

Mke wa Daktari ndiye aliyefungua mlango, macho mekundu kama mtu asiyelala. Daktari mwenyewe alikuwa sebuleni, na prufu mezani zimechomekwa vipande vya karatasi kila mahali. Hakuonekana mkali. Alionekana mzee.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Bi Nukta alikuwa amejiandaa kwa maneno ya mviringo, lakini akayamwaga yote mara moja. "Daktari, mdogo wangu ni mkunga. Nilimpa faharasa yako atafute kutokwa damu. Ameshindwa."

"Ameshindwa?"

"Kabisa. Amefunga kitabu."

Daktari alivua miwani. "Huyo mdogo wako, ana akili timamu?"

Bi Nukta akajua sasa mvua ya matusi inakuja. "Timamu, Daktari. Tena zinamzidi."

"Mama watoto!" Daktari aliita kwa sauti iliyotikisa vikombe kabatini. "Njoo! Njoo haraka usikie hili!"

Mkewe alitokea na sinia la chai.

"Kuna mkunga mzima, mwenye akili zake, ameshindwa kutafuta kwenye faharasa hii! Si mimi peke yangu!"

Yule mama aliliweka sinia mezani, akakaa kwenye kiti cha karibu bila kuangalia ni cha nani. Kisha akamweleza Bi Nukta, maana mumewe alikuwa amegeukia dirishani. Kaka yake Daktari alimaliza maisha bila kuwatambua watoto wake. Ilianza hivihivi, kwa kutafuta kitu na kukikosa. Tangu prufu zifike, Daktari alikuwa akitafuta mambo aliyoyaandika mwenyewe na hayaoni. Akaamini zamu yake imefika. Walishapanga kwenda kwa bingwa wa ubongo, na chakula kilikuwa hakipiti kooni.

"Si kichwa, Daktari," Bi Nukta alisema. "Ni mpangilio. Hata mimi niliyeupanga napotea."

Akamsogezea kurasa mpya. "Jaribu. Kondo la nyuma limekwama."

Kidole cha Daktari kikaenda moja kwa moja kwenye kondo, kikaingia ndani kidogo, kikasimama kwenye kukwama. Akasoma namba ya ukurasa, akakunja uso.

"Hapana. Ukurasa huu si wenyewe. Hapa nazungumzia kukata kitovu. Kukwama kwa kondo kuko mbele kidogo, baada ya mchoro wa mikono miwili."

Bi Nukta akafunua prufu. Mchoro wa mikono miwili huu hapa. Na nyuma yake, neno kwa neno, kukwama kwa kondo. Yeye ndiye aliyekosea namba, na katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kulifurahia kosa lake namna ile.

"Umepatia, Daktari."

Mzee alicheka hadi machozi yakamtiririka, akayafuta kwa ukingo wa prufu. Mkewe naye alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, huku anawamiminia chai iliyofurika kwenye visahani.

"Kwa bingwa tutakwenda vilevile," yule mama alisema.

"Tutakwenda. Lakini kwanza nipe chakula. Na wewe, mwanangu, zipange zote namna hii. K yangu itupe mbali."

Bi Nukta alitoka pale miguu myepesi. Hajafika barabarani simu ikaita. Mkurugenzi.

"Nimesikia umekwenda kwa mzee! Haya niambie, amekasirika?"

"Amecheka."

"Nani?"

"Daktari. Amecheka mpaka machozi."

"Dada," Mkurugenzi akasema, "umekosea nyumba."