Ukuta wa Mama Mkwe

Mimi nauza glasi. Nauza pia sahani, bakuli na chupa za chai, lakini glasi ndizo zilizonifanya niwe mtu wa wasiwasi. Duka langu liko Migori mjini, karibu na soko, na kutwa nzima kazi yangu ni kuwaambia watu washike polepole. Mtoto akiingia na mfuko wa shule mgongoni, moyo unanidunda. Mbuzi akikatiza nje, natoka nasimama mlangoni. Nimefunga glasi kwa magazeti miaka mingi, hata habari za nchi hii nazijua zikiwa zimekunjwa.

Kwa hiyo usinicheke sana ukisikia nilivyokuwa napitisha jioni zangu. Au cheka tu, wenzako wamekwisha kucheka.

Nilinunua mashine ya gemu ya mitumba na kuiunganisha na televisheni. Gemu za zamani zilikuwa zinanikera. Unarusha bomu dukani, moto unalipuka, moshi unapanda, halafu moshi ukitawanyika duka liko vile vile, hata kioo cha dirisha hakina ufa. Nani amewahi kuona kioo cha namna hiyo? Mimi ninayeishi kwa kuogopa vioo nilijiona nimetukanwa. Lakini gemu hii mpya ilikuwa na mji mzima wa kuzurura utakavyo, na kila kilichosimama mjini humo kilikuwa tayari kuanguka. Unagonga nyumba kwa lori, ukuta unapasuka, matofali yanamwagika, paa linainama, kisha vumbi likitulia unaona ndani: meza, viti, picha ukutani, vikombe vimepangwa kwenye rafu. Hapo kwenye vikombe ndipo nilipokuwa nachelewa. Nilivipiga kimoja kimoja nikisikiliza kila mlio, na hakuna aliyeniambia nishike polepole. Raha kuu ni kwamba ukitoka ukarudi kesho yake, unakuta mji umesimama wote, kama hujafanya lolote.

Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likizama nilizima mashine kwa utiifu wa kweli, na Jumamosi jioni nilisimama uani nikilihimiza jua lishuke. Mke wangu Caren alisema hajapata kuona mtu wa kanisa anayependa machweo namna hiyo. Caren ni Mluo wa Kendu Bay, mimi ni Mkisii niliyezaliwa hapa hapa Migori. Yeye alikuwa akifanya kazi katika duka moja la dawa mjini. Jioni moja alirudi, akakaa kwenye mkono wa kochi, akaongea. Aliongea kwa muda. Mimi nilikuwa na mnara mrefu uliobakiza nguzo moja.

"Bichage, nataka kwenda kwetu," akasema.

"Mm."

"Kesho asubuhi. Na sijui nitarudi lini."

"Sawa. Ngoja tu huu mnara uanguke."

Mnara ulianguka vizuri sana. Kesho yake jioni nilipokosa sukari ndipo nilipoanza kuita jina lake. Niliita jikoni, nikaita uani, na kwa aibu naongeza kwamba nilifungua hata kabati la vyombo. Nguo zake hazikuwapo. Nikampigia simu nimekasirika kabisa.

"Mbona umeenda bila kuniaga?"

"Nilikuaga," akasema, "na ukanipa ruhusa." Akakata.

Nilivumilia majuma kadhaa, yaani nilicheza gemu majuma kadhaa, lakini ladha ilikuwa imeisha. Nilikuwa naangusha jengo, kisha nageuka kumwonyesha mtu, na mtu hayupo. Nikafunga duka, nikaenda Kendu Bay kumfuata.

Nilipokewa na baba yake mdogo, Barnabas Obare, kwa sababu baba yake Caren alikwisha kufariki. Mama mkwe alikaa upande wa mlangoni akiangalia nje, nami niliangalia dari. Kwetu Wakisii kuna chinsoni, ile heshima ya ukwe, na Waluo wana ya kwao. Mimi kwa kuoa huku nilibeba zote mbili. Mama mkwe simtazami usoni, simpi mkono, na kiti chake sikikalii. Kuhusu chumba chake cha kulala, hata upande wa nyumba kilipo naupita kwa mbali nikikohoa. Kitanda cha mama mkwe ni kitu ambacho mwanamume wa kwetu anazikwa bila kukiona.

Caren aliingia, akaweka chai, akatoka bila kuniangalia.

"Ora," Barnabas akaniambia, na hilo ndilo neno lao la kumwita mkwe, "nimesikia kazi yako huko Migori ni kuangusha manyumba."

"Ni ya gemu tu, Baba."

"Hata kama ni ya gemu. Kuna hii jikoni ya nyuma, ya matofali. Imeinama, mama yako anaogopa italalia mtu. Vijana wetu wote wako Nairobi. Wewe kesho utaangusha hiyo. Ukimaliza vizuri, sasa ndio tutakaa chini tuongee maneno ya bibi yako."

Mtu mwenye akili angesikia kwamba anachezewa shere. Mimi nilisikia kipaji changu kikiitwa kwa jina. Usiku ule nilimwona kichwani Caren akipanda gari pamoja nami, na nyuma yetu jiko limelala chini, na wakwe wanapunga mkono.

Asubuhi nililizunguka jiko lile huku mikono nimeiweka nyuma, kama injinia wa kaunti. Majirani walikuja wakakaa kwenye kivuli. Barnabas aliniletea nyundo kubwa, akanishauri nianze juu, nitoe mabati, kisha nishuke na tofali moja moja. Nilimhurumia. Kwenye gemu hakuna anayeanza juu. Unatafuta ile kona inayobeba uzito wote, unaipiga hiyo tu, jengo linajimaliza lenyewe. Nikamweleza haya, na watu wakasikia, kwa bahati mbaya.

Kona niliyoichagua ilikuwa pale jiko lilipoungana na nyumba kubwa. Niliivua saa ya mkono, nikampa mtu anishikie. Pigo la kwanza lilinitetemesha meno. La pili likatoa vumbi. La tatu likaleta sauti ambayo niliifahamu vizuri, ule mlio wa chini kabla ya kila kitu kuachia, na nakiri kwamba nilitabasamu.

Jiko halikusogea. Ukuta wa nyumba kubwa ndio ulioshuka, tofali kwa tofali, polepole, kama vile ulitaka kila mtu apate nafasi ya kuona. Paa likabaki limening'inia kwenye mbao zake. Vumbi likatulia. Na ndani, wazi kama kwenye televisheni, kilikuwa kitanda cha mama mkwe, chandarua cha buluu, kitabu cha nyimbo juu ya mto, na petikoti kwenye msumari.

"Yawa!" Barnabas akapiga kelele. "Ora, funga macho!"

Niliyafunga. Nikakimbia hivyo hivyo nimeyafunga, nikakumbana na wilbaro, nikaangukia kwenye nyavu walikoanika omena, dagaa wa kwao. Majirani hawakucheka mara moja. Nadhani waliona ni jambo kubwa mno kwa kucheka, wakaenda kuchekea kwao.

Hakuna aliyenifokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Caren alileta turubai, akalitundika mahali pa ukuta, akapigilia misumari yeye mwenyewe. Barnabas akaegemeza miti kushikilia paa, kisha akaniletea mwiko wa kujengea.

"Wewe umevunja, wewe utajenga," akasema. "Na maneno ya bibi yako inangoja hapo juu, kwa tofali ya mwisho."

Kwa hiyo nikajenga. Barnabas alinionyesha kuchanganya mchanga na simiti na kuvuta kamba ili mstari ukae sawa. Kamba ilikaa sawa, mstari ukaenda ulikotaka. Viganja vilichubuka. Nilijifunza kwamba ukuta unaoanguka kwa pumzi tatu unainuka mstari mmoja kwa asubuhi nzima, na kesho yake unaukuta pale pale ulipouacha, mfupi vile vile.

Siku moja nikasikia mtu anakohoa ndani, upande wa pili wa turubai. Alikuwa mama mkwe. Kwa kuwa hatukuonana, heshima haikuvunjika, na sijui kama ndiyo maana alikuja kukaa pale.

"Bichage."

"Naam, Mama."

"Hiyo michezo yako. Ukiangusha nyumba ya watu, ndani unaonanga nini?"

"Viti, Mama. Meza. Vikombe vimepangwa kwa rafu."

"Na wenyewe?"

"Ndani hakuna watu, Mama. Nyumba ni tupu."

"Sasa nani alipanga vikombe?"

Simiti ilinikaukia mwikoni. Nilikuwa nimevunja vikombe vya mji mzima na swali hilo halijanipitia kichwani. Niliona rafu ya nyumbani kwetu, na vikombe vyetu, ambavyo kila jioni nilivikuta vimepangwa. Nilijisikia vibaya, na si kwa aibu ile ya petikoti. Nikamwambia sijui. Akasema haya, akaenda zake.

Caren alikuja ukuta ulipofika kifuani. Alifungua turubai upande wa ndani, akasimama akiniangalia. Nilikuwa na hotuba tayari, ndefu, yenye aya za Biblia.

"Jioni ile," akasema kabla sijaanza, "kabla sijakuambia naenda kwetu, nilikuambia nini?"

Ningeweza kubahatisha. Nilifikiria mama yake, kodi ya nyumba, kanisa. Nikaweka tofali chini.

"Sijui. Sikusikia."

"Hata kidogo?"

"Hata neno moja, Caren."

Alinitazama mpaka nikataka ukuta ule uniangukie.

"Nilikuambia nimefutwa kazi. Mwenye duka la dawa alinifukuza mbele ya wateja, akasema nimeiba dawa. Nimesikia siku iliyofuata alizipata, zilikuwa nyuma ya friji. Hakuniita."

"Pole," nikasema.

"Umechelewa."

"Najua."

"Basi jenga, mimi nitakuambia tena. Yote."

Akaanza tangu asubuhi ya siku ile, nani aliingia, nani alisema nini, nani alicheka. Nilijenga nikisikiliza, siku ile na siku zilizofuata. Ukuta ukafika shingoni mwake, ukafika kidevuni, na hapo nikaanza kuchelewesha kazi kwa makusudi. Niligonga tofali ambalo limekaa sawa. Niliiongezea maji simiti ambayo haikuhitaji maji. Ukuta ulipomfunika uso nilikuwa nimeacha shimo la tofali moja, usawa wa mdomo wake. Barnabas alipita akauliza ni fundi gani anaacha tundu katikati ya ukuta, nami nikamwambia ni dirisha dogo. Nilimaliza juu kote, nikarudi kwenye tundu lile nikasimama na tofali mkononi, na Caren alikuwa bado anaongea. Alipolia, nililia pia, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa simiti na sikuweza kujifanya napangusa jasho.

Mwishowe akamaliza.

"Nitaiuza ile mashine," nikasema kupitia tunduni. "Tukifika tu."

"Nani amekuambia uuze?"

Nikasogeza sikio tunduni.

"Sabato ikiisha tutaenda," akasema, "na utanifundisha huo mchezo wako. Huo mji una duka la dawa?"

"Lipo. Kwenye kona, karibu na benki."

"Vizuri. Hilo usiliguse, ni langu." Nikamsikia akivuta pua. "Sasa ziba hapo, Mama anataka kubadilisha nguo."